Dirisha la Dawa na Neno "Nimeridhika"

Imekuwa desturi katika hospitali zetu nyingi kuwauliza wagonjwa, wakiisha kutibiwa na kabla hawajatoka langoni, kama wameridhika na huduma walizopewa. Jambo hilo ni jema. Zamani hakuna aliyemwuliza mgonjwa lolote. Alikuja, akapangwa mstari, akapewa alichopewa, akaenda zake. Lakini majibu yanayokusanywa yatushangaza. Watu wale wale ambao tumewasikia wakinung'unika kwenye mabenchi tangu saa 2 asubuhi, na ambao wametoka dirishani na nusu tu ya dawa walizoandikiwa, huulizwa na kijana mwenye karatasi, "Umeridhika?" nao hujibu, "Nimeridhika, tunashukuru." Kijana hutia alama mahali pake, na alama zikijumlishwa hospitali huonekana kuwa haina ila.

Basi twaona yafaa leo tulichungue neno hilo, na tulichungue mahali linapojaribiwa kuliko pengine pote, yaani dirisha la dawa la wagonjwa wa nje. Mgonjwa aliyelazwa huletewa dawa kitandani na muuguzi, naye muuguzi humwona akimeza. Mgonjwa wa nje hana wa kumwangalia. Akisha kuondoka dirishani yeye ndiye muuguzi wa nafsi yake, na pengine wa mtoto wake aliyembeba mgongoni. Na yote aliyoyapitia tangu asubuhi, kuandikishwa, kumwona daktari, kutolewa damu maabara na kulipa, yote yamo ndani ya kile kipakiti kidogo anachokitia mfukoni. Kipakiti kikiwa na kasoro, au asipojua la kukifanyia, kazi ya hospitali nzima siku ile imekwenda bure.

Swali la kwanza la mgonjwa ni jepesi: dawa ipo? Swali hilo lina historia ndefu kwetu. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, nasi Tanzania tulikuwa miongoni mwa nchi zilizoishika fikra hiyo kwa mikono miwili, kwa kuwa ilifanana na nia yetu ya kuzifikisha dawa vijijini kuliko kulimbikiza mijini dawa za fahari. Katika miaka ya 1980 zahanati zikapokea makasha yaliyofungwa tayari, kwa msaada wa Denmark kupitia UNICEF. Kasha liliokoa maisha ya wengi. Lakini kasha lilikuwa lile lile, iwe zahanati iko bondeni penye mbu tele au mlimani penye baridi, hata mahali pengine dawa moja ikaisha kabla ya wakati na nyingine ikaoza rafuni. Mwaka 1993 ikatungwa sheria ya kuanzisha Bohari ya Dawa, nayo ikaanza kazi mwaka 1994. Na baadaye ukaja utaratibu wa kila kituo kuagiza kile kinachokihitaji. Mwaka huo huo wa 1993 ndipo tulipoanza kuchangia gharama za matibabu. Hapo mgonjwa akawa, kwa mara ya kwanza tangu miaka ya Azimio, mtu aliyeweza kusema: nimetoa fedha yangu, iko wapi dawa yangu?

Juhudi hazikukoma. Mkoani Dodoma mwaka 2014 ulianzishwa mpango ulioitwa Jazia, ambao kwa huo vituo huweza kununua kwa muuzaji mmoja aliyechaguliwa mkoani zile dawa zilizokosekana Bohari, na mpango huo ukaenezwa nchini. Mwezi Novemba 2015 Bohari ilifungua duka lake ndani ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, ili mgonjwa asihangaike mitaani. Hatusemi basi kwamba Serikali imelala. Twasema kwamba hata leo yako madirisha ambayo neno lisikikalo mara nyingi ni lile lile: "Hii hamna. Kanunue nje."

Maneno hayo huwa na uzito mbalimbali kwa watu mbalimbali. Mwenye bima huweza kupewa fomu akaende duka jingine lililosajiliwa. Hukereka, hupoteza muda, lakini hupata. Mwenye fedha huvuka barabara. Lakini sera yetu ya afya imesema kwamba mama mjamzito, mtoto chini ya miaka 5 na mzee asiyejiweza watibiwe bila malipo, na hao ndio ambao neno hilo huwapiga zaidi. Wametibiwa bure, naam. Wameandikishwa bure, wamepimwa bure, na mwisho wamekabidhiwa cheti kitupu waende nacho duka la mtu binafsi, ambako msamaha wa Serikali hauna nguvu. Tumemwona mama mmoja, katika hospitali ambayo hatutaitaja, akikaa na cheti hicho chini ya mwembe akimpigia simu shemeji yake amtumie fedha, huku homa ya mtoto ikipanda. Alipoulizwa langoni, naye alijibu kwamba ameridhika.

Yafaa tuseme hapa kwamba upungufu wa dawa si kosa la anayeketi nyuma ya dirisha, ingawa yeye ndiye anayetukanwa. Mara nyingine si kosa la Bohari pia. Twajua mahali ambapo daktari huandika dawa asiyoijua kama ipo, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Chumba chake na chumba cha dawa vimetengwa kwa hatua 40, lakini habari hazivuki. Mgonjwa ndiye anayetumwa kupeleka swali na kurudisha jibu: huenda dirishani akaambiwa hamna, hurudi kwa daktari na kupanga foleni upya, huandikiwa nyingine, hurudi tena dirishani. Siku hizi hospitali nyingi zina kompyuta zinazoweza kumwonyesha daktari kilichomo ghalani. Mahali zisipokuwapo, karatasi moja iliyoandikwa kila asubuhi na kubandikwa mezani kwa kila mganga ingetosha. Haihitaji mfadhili wala semina.

Lakini tuchukulie kwamba dawa ipo. Hapo ndipo twafika kwenye jambo ambalo husemwa kidogo sana, nalo kwetu sisi ndilo kubwa kuliko yote: mgonjwa ameambiwa nini?

Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo wa kuchunguza matumizi ya dawa katika vituo vya tiba. Miongoni mwa mambo yaliyoamriwa kupimwa ni muda ambao mgonjwa hukaa na mtoa dawa, kama kipakiti kimeandikwa ipasavyo, na kama mgonjwa mwenyewe ajua namna ya kuitumia dawa aliyopewa. Kuandikwa ipasavyo maana yake si jambo kubwa: jina la mgonjwa, jina la dawa, na wakati wa kuitumia. Muda nao ulipimwa kwa sekunde, wala si kwa dakika, na katika baadhi ya nchi ulionekana kuwa chini ya nusu dakika. Msomaji ajaribu kuhesabu polepole mpaka 25, kisha ajiulize ni mambo gani awezayo kumwelewesha mtu mwenye homa kwa muda huo.

Kwetu sisi yote husemwa kwa maneno matatu, nayo ni "kutwa mara tatu." Maneno hayo yamezeeka madirishani, yalitafsiriwa kutoka Kilatini cha vyeti vya madaktari, yakaenezwa na madresa wa zamani, na leo kila mtoto ayajua. Lakini hebu tuyatazame kwa Kiswahili chetu wenyewe. Kutwa ni tangu jua kuchomoza hata kuchwa. Usiku si kutwa. Usiku ni kucha, na ndiyo maana mtu akitaka kutaja muda wote husema kutwa kucha. Basi mgonjwa mwenye Kiswahili safi, akiambiwa ameze kutwa mara tatu, atameza asubuhi, adhuhuri na alasiri, na usiku kucha atalala bila dawa mwilini, ilhali daktari alikusudia kila baada ya saa 8. Mtu huyo hakukosea lugha. Lugha ya dirisha ndiyo iliyomkosea. Ingekuwa si kazi ngumu kumwambia: meza saa 12 asubuhi, tena saa 8 mchana, tena saa 4 usiku. Hayo mtu huyashika, kwa kuwa ndizo saa za siku yake.

Halafu kuna ile alama ya kipakitini, "1 x 3" au "2 x 2." Kwa aliyezoea ni wazi kabisa. Lakini alama ile ya katikati ni ya hesabu, na si kila mtu aliyeacha darasa la hesabu akiipenda. Tumekutana na mzee aliyeisoma kuwa kidonge kimoja kwa siku tatu, akameza vitatu kwa siku tisa, na akashangaa kwa nini kifua hakiponi. Mzee huyo alikuwa na akili zake timamu, na hesabu ya ng'ombe wake aijua mpaka ndama wa mwisho.

Na liko neno "baada ya chakula." Mtoa dawa humaanisha kwamba dawa isimezwe tumbo likiwa tupu. Mgonjwa husikia kwamba chakula ndiyo saa yake. Basi yule anayekula mara tatu humeza mara tatu, na yule ambaye nyumbani kwake hupikwa mara moja, jioni, humeza mara moja. Hivyo umaskini huingia hata katika kipimo cha dawa, wala hakuna rejista inayouandika.

Tutoe mfano mmoja ambao unagusa kila nyumba. Tangu mwishoni mwa mwaka 2006 dawa yetu ya kwanza ya malaria isiyo kali imekuwa ile iitwayo dawa mseto. Mtu mzima hupewa vidonge 24. Humeza 4 mara moja, 4 vingine baada ya saa 8, kisha 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku 2 zinazofuata. Na hufaa kumeza pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, au maziwa, kwa kuwa bila hivyo mwili hauipokei vema. Hayo ni mambo manne ya kueleza: idadi, ile saa ya 8 ya kwanza, siku 3, na mafuta. Na liko la tano, ambalo ni kubwa, kwamba homa hushuka upesi, pengine siku ya pili, na mgonjwa asidanganyike akaviweka vidonge vilivyobaki kabatini vimngoje mwanawe. Tuulize ni dirisha gani linaloyasema yote matano kila mara. Yapo, nasi tumeyaona, muuguzi mmoja wa zahanati ya kijiji huvikata vidonge kwa mkasi kufuata safu zake, humpa mgonjwa safu ya kwanza ameze mbele yake kwa maji ya mtungi, kisha humwambia: "Haya, niambie wewe, ya pili utameza saa ngapi?" Mgonjwa akikosea hucheka wote wawili, na huanza upya. Yote hayo hayakuchukua dakika tatu.

Twataja zahanati kwa makusudi. Elimu ya ufamasia ya chuo kikuu imefundishwa hapa nchini, Muhimbili, tangu mwaka 1974, lakini katika vituo vidogo mtoa dawa mara nyingi si mfamasia. Ni muuguzi au mhudumu ambaye asubuhi hiyo hiyo amepima uzito wa watoto na amefunga vidonda. Na katika hospitali kubwa, mfamasia aliyesoma miaka mingi hushindwa kuitumia elimu yake kwa sababu mbele yake kuna vichwa 100, na nyuma yake kuna rejista za kujaza. Mtu wa namna hiyo akijibu kwa mkato, hatumtetei, ila twaona chanzo chake.

Lakini hatuwezi kulipita dirisha lenyewe, maana ni kitu cha ajabu. Katika majengo mengi limetengenezwa kama dirisha la kukatia tiketi ya treni: nondo, kioo, na tundu dogo chini, usawa wa kiuno. Mgonjwa hulazimika kuinama ili asikie, mwenye kuinama zaidi akiwa ni yule mwenye mgongo mbovu. Na kwa kuwa kioo huzuia sauti, mtoa dawa hupaza yake. Basi foleni nzima husikia kwamba Fulani amepewa dawa za kifafa, au kwamba zile mbili ni zake yeye na zile mbili ni za mumewe, na wasikutane mpaka wamezimaliza. Tulimwona mwanamke aliyeambiwa hivyo akiondoka bila kuchukua kipakiti cha mumewe. Hakusema neno. Kama kijana wa langoni alimwuliza, hatujui alijibiwa nini, lakini twaweza kukisia.

Kwa nini basi watu hujibu kwamba wameridhika? Wako wanaoogopa, kwa kuwa watarudi juma lijalo kwenye dirisha lile lile na kwa mtu yule yule, wakimwita "dokta" hata kama si daktari. Wako wasiopata kuona dirisha jingine walilinganishe na hili. Lakini sisi twaona sababu kubwa imo katika adabu yetu. Mtu wa kwetu mwenye homa kali akiulizwa, "Hujambo?" hujibu, "Sijambo," kisha ndipo hueleza kwamba hajalala siku mbili. Salamu haijibiwi kwa malalamiko. Sasa ukimjia mtu huyo na swali lenye umbo la salamu, "Umeridhika, mama?" utapata jibu la salamu. Wanaoyaleta maswali hayo kutoka vitabu vya nchi ambazo mtu husema wazi asichokipenda wangalipaswa kwanza kukaa nasi kibarazani.

Hata hivyo tusidhani kwamba kila kutoridhika kuna haki. Wako wagonjwa wanaotoka na hasira kwa sababu mganga amewaambia mafua yao hayahitaji dawa ya kuua vijidudu, na wako wanaohesabu wema wa hospitali kwa wingi wa vipakiti na kwa sindano. Mtu huyo akipewa dawa tano asizozihitaji atasema ameridhika sana, na atakuwa amedhuriwa. Nchi yetu ilianza mwaka 2017 mpango wake wa taifa wa kupambana na usugu wa vijidudu kwa dawa, na sehemu ya usugu huo huzaliwa hapo hapo, kwa mganga anayempendeza mgonjwa na mgonjwa anayekatiza dozi. Kwa hiyo hospitali isiyomfurahisha kila mtu yaweza kuwa hospitali njema.

Ndiyo maana twapendekeza swali la langoni libadilishwe. Mgonjwa asiulizwe ameonaje. Aombwe kwa heshima akifungue kipakiti chake. Uliandikiwa dawa ngapi? Umepewa ngapi? Hii utaimeza saa ngapi, na mpaka siku gani? Ukitapika nusu saa baada ya kumeza, utafanya nini? Na anayeuliza asiwe amevaa sare ya hospitali. Majibu ya maswali hayo hayana adabu wala woga ndani yake. Mtu ajua au hajui, anayo au hana. Hospitali ikiyafanya hayo kwa siku moja tu kila mwezi, itajifunza zaidi ya inavyojifunza kwa karatasi za mwaka mzima, wala gharama yake haizidi kalamu na daftari.

Kuhusu sanduku la maoni, hatutasema mengi. Katika hospitali moja tuliuliza ufunguo wake uko kwa nani. Tukatumwa kwa katibu, katibu akatutuma kwa matroni, naye matroni akacheka.

Kipo chombo kingine kilicho bora kuliko sanduku, nacho ni kamati ya usimamizi wa kituo, ambayo wajumbe wake wengine ni wananchi wenyewe. Dawa zikifika kutoka Bohari kamati hutakiwa kushuhudia zikipokelewa na kuhesabiwa. Mahali ambapo kazi hiyo hufanywa kweli, habari huenea kijijini siku ile ile kwamba dawa fulani imekuja na fulani haikuja, na mtoa dawa akisema "hamna" huaminiwa. Mahali ambapo wajumbe hutia sahihi jioni nyumbani kwa mganga mfawidhi bila kuliona boksi, hakuna anayemwamini, hata akisema kweli. Hudhaniwa kwamba dawa imevuka barabara na kuingia katika duka lile la mbele ya lango. Wajumbe wa kamati hizo twawajua, ni jirani zetu. Tuwaulize siku gani walihesabu mara ya mwisho.

Na jambo hili lina haraka yake. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo nia yake ni kila mkazi awe ndani ya bima. Twaiunga mkono nia hiyo bila kusita. Lakini mtu aliyekuwa akikaa nyumbani na homa yake kwa kukosa fedha, akipata kadi atakuja, na atakuja na watoto wake. Daktari atamwona, maabara itampima, na wote watashuka kwenye dirisha lile lile moja lenye nondo. Hospitali nyingi za wilaya tulizozipitia zina madirisha mawili ya wagonjwa wa nje, moja la bima na moja la fedha taslimu, na la pili mara nyingi limefungwa kwa kukosa mtu. Tungependa kusikia kutoka kwa waganga wakuu wa wilaya, hata kwa barua fupi, ni madirisha mangapi wanayo leo, ni watu wangapi wa kuyakalia, na ni mangapi wameyatia katika makisio ya mwaka ujao. Barua zao tutazichapa ukurasa huu huu.